Mtu Unayekwenda Kusoma Kwake

Idrisa mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi kwa mdomo, na dua nitakusomea kesho gatini, kwa hiyo hapa sizirudii. Mambo ya nguo, ya maji ya kunywa melini na ya kuchunga kisanduku chako, mama yako amekwisha kuyasema mara tatu, na hivi sasa yuko uani anakaanga visheti huku akilitafuta la nne. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia tangu ulipokuwa unatambaa, na sasa halikaliki tena, maana usipolisikia kwangu leo utakwenda kulisikia Bombay kwa mwenyewe.

Ni habari ya Profesa Joshi, mkuu wa chuo unachokwenda.

Wewe unadhani namjua kwa sifa, kama watu wa Uhindini wanavyomjua: mtoto wa fundi cherehani wa Unguja aliyesoma kemia mpaka akakabidhiwa chuo kizima. Siku mwalimu wako alipotusomea barua ya chuo, akafika pale chini palipoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, "Baba yake namfahamu. Mtoto aje," ulinigeukia uso umekung'aa. Ukasema, "Baba, kumbe una rafiki mkubwa hivyo!" Nikacheka. Nikasema tulifanya kazi nyumba moja zamani. Ni kweli, ila ni kweli iliyokatwa katikati, na kukata kweli katikati ni kazi ninayoijua kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa.

Hukujua kwamba barua ile ilikuwa imelala siku tisa ndani ya debe la mchele. Niliificha mimi. Mama yako aliikuta alipokuwa akichota mchele wa mchana, akaishika mbele yangu. Nilimwambia mtu yule hawezi kunitakia heri. Akaniuliza, "Yeye au wewe?" Kisha akajifunga ushungi, akaipeleka kwa mwalimu.

Nikupe habari tangu mwanzo.

Nilipomaliza kubeba mizigo ya vita nilirudi mjini na miguu mibovu, nikapata kazi katika maabara ya serikali. Watu wa mtaani kwetu waliiita nyumba ya chupa. Humo yalipimwa maji ya visima, dawa za madukani, pombe za kukamatwa, na vitu vya kesi vilivyoletwa na polisi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya kioo. Herufi za Kizungu nilijifunzia kwenye karatasi za chupa. Ndiyo maana mpaka leo naandika kama mtu anayebandika jina juu ya dawa.

Mkubwa wa maabara alikuwa Mzungu, sisi tulimwita Bwana Mkubwa tu. Msaidizi wake alikuwa Daktari Joshi, kijana mfupi, Baniani, Kiswahili chake cha Unguja, kizuri kuliko changu mimi Mzaramo. Alikula peke yake, alikunywa maji kwenye kopo lake la shaba. Na kila nilipompelekea chombo alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakinusa.

"Umeosha mara ngapi?"

"Tatu, Daktari."

"Rudia ya nne."

Kila siku ya Mungu. Mimi nikaliunganisha kopo la shaba na mara ya nne, nikapata hesabu yangu: huyu anaiona mikono yangu najisi. Sikumuuliza. Mtu mwenye shuku haulizi, Idrisa, kwa sababu anaogopa kujibiwa. Mtaani niliwasimulia, wakanipigia methali ya Baniani na kiatu chake, nikacheka nao, na kicheko kile kikaniingia kama ushahidi.

Alikuwa na jambo jingine. Kila asubuhi kabla ya kupima kitu chochote alichukua maji matupu, akayatia dawa zote, akayachemsha, akayatazama kama anatazama sumu, kisha akaandika daftarini. Nilidhani ni mambo ya dini yake. Baadaye nikadhani anaiba dawa na hiyo ndiyo njia ya kuficha. Siku moja nilijikaza.

"Daktari, unapika nini?"

"Maji."

"Ya nini?"

"Nataka kujua kama sumu iko kwenye kitu nilicholetewa, au iko kwangu."

Alisema kwangu. Mimi nikasikia kwako.

Basi mwaka ule, wewe ukiwa hujafikisha hata mwaka, akafa mtu mmoja wa hapa Kariakoo aliyekuwa akiuza ng'onda, samaki wa kukausha. Alikula jioni, tumbo likamsokota, alfajiri hayupo. Mkewe aliitwa Bi Havijawa. Ndugu za mume walikuwa hawampendi, na nyumba ilikuwa nzuri, ya bati. Kabla maiti haijaoshwa mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuhukumu. Hata mimi. Niliwahi kumwona akinunua sumu ya panya, nikasema barazani, "Ndiyo hiyo." Panya wa Kariakoo hawakuanza mwaka ule, na mama yako alikuwa na sumu hiyo hiyo juu ya kabati, lakini hilo halikunijia akilini.

Polisi walileta maabara chupa yenye vitu vilivyotoka tumboni mwa marehemu. Sasa sikiliza vizuri. Wiki ile ile tulikuwa tumepima dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe, na dawa hiyo ina sumu ile ile ya panya. Asubuhi ya siku niliyoosha vyombo vya kupimia kesi ile, Daktari Joshi alinirudishia sinia zima mbele ya tarishi, akaniambia nianze upya. Tarishi akacheka. Nikaondoka na sinia moyo unachemka. Nikaosha mara mbili, kwenye karatasi nikaandika nne. Nilisema moyoni, tuone pua yake itajuaje.

Pua yake haikuwako. Alishikwa na homa mchana ule, akakaa kitandani siku nne. Bwana Mkubwa akapima mwenyewe, kwa haraka, bila yale maji matupu ya asubuhi. Akatumia chupa namba saba, iliyotoka kwenye dawa ya ng'ombe. Akaona sumu, akatia sahihi. Bi Havijawa akawekwa ndani, na kosa lake lilikuwa la kunyongwa.

Daktari Joshi aliporudi, macho bado ya njano, alisoma daftari, akaja uani nilikokuwa.

"Faraji, chupa namba saba uliiosha mara ngapi?"

"Nne."

"Sikuulizi ili nikupate na kosa. Nakuuliza kwa sababu kuna mtu amefungwa."

Nikaona mtego mtupu. Nikasema, "Wallahi, Daktari, nne."

Niliapa, mwanangu. Kwa jina lile.

Aliingia kwa Bwana Mkubwa, nikasikia sauti zinapanda nyuma ya mlango. Akatoka, nikaitwa mimi. Bwana Mkubwa alikuwa mwekundu shingoni. Akaniambia, "Joshi anataka nipime upya. Anasema huenda vyombo havikuwa safi. Unasemaje?"

Unaona jinsi shuku inavyolishwa. Alikuwa amesema vyombo. Nami nikasikia jina langu. Nikajiona nimefukuzwa kazi, mama yako na wewe mko barabarani, na Baniani anacheka. Nikasema neno ambalo sikuwa nimeliandaa, lilitoka lenyewe kama nyoka aliyekanyagwa:

"Bwana, Daktari alijiwa na mtu wa yule mwanamke. Bibi mmoja, mlango wa nyuma, ana kapu limefunikwa."

"Ulimwona akipokea?"

"Niliona kapu."

Yote ni kweli. Nilimwona bibi, nililiona kapu, lilikuwa limefunikwa. Kwamba ni mtu wa Bi Havijawa nilijitungia pale pale niliposimama. Bwana Mkubwa aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikitafuta.

Siku ya tatu yake Daktari Joshi alisimamishwa kazi. Lakini kabla ya kutoka alikuwa amekwisha kupima mabaki kwa vyombo vipya alivyovifungua mwenyewe kwenye kasha, na hakuona kitu. Akaenda mahakamani bila kutumwa, akamtafuta wakili wa Bi Havijawa, akasimama kizimbani kumpinga mkubwa wake. Jaji akasimamisha kesi, mabaki yakapelekwa Nairobi. Jibu lilichukua miezi mitatu: hakuna sumu. Yule muuza ng'onda alikufa kwa nini, mpaka leo hakuna anayejua. Bi Havijawa akatoka. Nyumba ya bati ilikuwa imekwisha kuingiwa na shemeji zake.

Daktari Joshi hakurudishwa kazini. Kabla ya kwenda Bara Hindi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivuka Mnazi Mmoja kwa miguu, akaja mpaka kwenye baraza yetu, hapa hapa ninapoandikia. Mama yako alikuwa amekupakata. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Akasema, "Faraji, meli yangu kesho. Kesi imekwisha, mimi si mkubwa wako tena, hakuna wa kukufanya kitu. Niambie tu nijue. Mara ngapi?"

Watu walikuwa wanapita. Mama yako ananitazama.

"Nne," nikasema.

Akasema, "Haya." Akakugusa kichwani, akauliza, "Anaitwa nani?" Mama yako akajibu, "Idrisa." Akaenda zake.

Alipokwisha kupinda kona mama yako alisema, "Yule mtu hakuja kugombana." Mimi nikamjibu kwamba hawajui watu. Nikachukua kitambaa nikakufuta kichwa pale alipokugusa. Nilifanya hivyo. Nakuandikia ili ujue baba yako alifika wapi.

Mwaka uliofuata nilikuwa sokoni, upande wa ndimu na matunda, nikamwona yule bibi. Yeye yule, kapu lile lile, kitambaa juu. Nikamkaribia. Nilitaka aniambie ni shangazi yake Bi Havijawa. Ningempa chochote aniambie hivyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndimu?"

"Bibi, wewe ulikuwa unakwenda nyumba ya chupa, kule kwa Wazungu?"

"Ee, nilikuwa na mteja wangu kule. Mhindi mmoja mpole, hali nyama. Kila Ijumaa ndimu zake za achari. Kaenda wapi siku hizi? Simwoni."

Nikamwuliza kama anamjua Bi Havijawa. Akafikiri, akasema jina hilo amelisikia kwenye ile kesi, kama kila mtu.

Nilinunua ndimu nyingi nisizozihitaji. Mama yako aliuliza ni za nini, nikamgombeza.

Tangu hapo nikawa mtu wa kufuatilia habari za Joshi, kama mtu anayefuatilia moshi kujua nyumba gani inaungua. Kule Uhindini kuna mwenye duka la vitambaa, ni wa kwao. Kila baada ya miezi nilipita kama mnunuzi nikauliza. Kwanza nikasikia amepata kazi ya kufundisha watoto hesabu, kazi ndogo, maana barua ya kuachishwa ilimtangulia. Miaka ikapita. Anafundisha kemia. Ameandika kitabu cha kemia cha wanafunzi. Ni profesa. Mwisho mwenye duka akanionyesha picha yake gazetini, amenenepa kidogo, miwani, kasimama mbele ya jengo lenye nguzo: mkuu wa chuo. Kila alipopanda ngazi moja mimi nilihisi anapanda ili aone vizuri zaidi, na anayemtafuta ni mimi.

Mwenye duka alinieleza pia desturi za chuo kile. Mwanafunzi mpya haruhusiwi kugusa dawa yoyote mwezi mzima, anaosha vyombo. Na kipimo cha mtu yeyote, awe mwanafunzi au mwalimu, hakipokelewi mpaka chini yake liandikwe jina la aliyepima na jina la aliyeosha. Nilikwenda nyumbani na neno lile siku nzima likinizunguka. Amewapa waosha vyombo heshima, au ameweka kitanzi ili asitokee Faraji wa pili? Sikuamua, na mpaka leo sijaamua.

Na wewe unakua. Hapa nina kosa jingine, dogo kwa macho ya watu. Unamkumbuka yule Mwarabu mwenye duka la kona? Ramadhani moja alikupa tende, gao moja, za kujaza kiganja. Nilikuuliza amekupa kwa sababu gani, ukasema hakuna sababu. Nikakurudisha ukamrudishie. Ulikwenda ukilia, akazipokea, na tangu siku ile alinisalimia kwa mbali. Nilidhani nakufundisha akili ya mjini. Nilikuwa nakugawia ugonjwa wangu kidogo kidogo, kama mama anavyomlisha mtoto uji.

Kisha ukafanya ule mtihani, ikaja barua, nami nikaizika kwenye mchele. Nilipokosa pa kuificha tena nilianza kuhesabu nia zake. Labda anataka uende ili akufedheheshe mbele ya wenzako. Labda anataka ushindwe, urudi, nikuone. Labda, na hii ndiyo iliyonikosesha chakula, anataka kukufanyia wema, ili kila ukinitazama uone mtu gani alikuzaa na mtu gani alikusomesha.

Mama yako alinisikiliza siku mbili, ya tatu akaniambia, "Umemjua mtu huyu miaka kumi na kitu na hujawahi kumwambia neno moja la kweli. Mwambie, uone."

"Akimfuta mtoto?"

"Basi atakuwa amefutwa na wewe, siyo na yeye. Lakini mtoto asiende kuishi juu ya shimo ambalo wewe unalijua na yeye halijui."

Nikaandika. Niliandika yote: chupa, mara mbili, kiapo, kapu, ndimu. Nilikuwa najua ninaweza kuwa naandika mwisho wa masomo yako, na sikukuuliza. Hilo nalo unisamehe ukiweza. Ulipokuwa unashangaa kwa nini nakwenda posta kila siku ya meli, ndiyo hiyo.

Nilipokuwa nangoja nilikwenda Buguruni, shambani, kwa Bi Havijawa. Anaishi na dada yake. Amezeeka kuliko umri wake. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Alikuwa anamenya mihogo, na hakuacha.

Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo ilikuwa wewe."

"Ndiyo, Bi Havijawa."

"Mle ndani nilikuwa nawaza ni nani. Nilimshuku kila mtu. Mpaka mama yangu mzazi nilimshuku kwamba alitia kitu kwenye chakula. Alikufa kabla sijatoka, nikiwa bado namwazia hivyo."

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Maji nitakupa, maana umetoka mbali na jua ni kali. Ukishakunywa, usije tena."

Nikanywa, nikaondoka. Sikwenda tena na sitakwenda, ndivyo alivyotaka.

Jibu la Profesa limefika Jumatatu iliyopita. Nililisoma posta pale pale, nimeegemea ukuta, watu wananipita. Limeandikwa kwa mkono wake, Kiswahili kile kile cha Unguja. Nakunakilia lote, silikati:

"Faraji. Nafasi ya mwanao hukumpa wewe na huwezi kumnyang'anya. Alifanya mtihani akawashinda wenzake wa pwani yote, na nilikuwa nimekwisha kutia sahihi kabla sijafika kwenye jina la baba. Habari ya chupa nilikuwa naijua; nilitaka tu uniambie. Habari ya kapu sikuijua. Miaka yote hii nilidhani niliondolewa kwa sababu ya kumpinga mkubwa wangu, na nilikuwa najisifu kwa hilo kidogo. Sasa najua niliitwa mla rushwa, na kwamba watu niliofanya nao kazi waliamini. Nimekaa na barua yako wiki mbili nikitafuta neno la msamaha, sikulipata, na sitakuandikia nisilokuwa nalo. Nimekasirika. Mtoto aje. Ataosha vyombo mwezi mzima kama wengine."

Nililisoma tena, na tena. Kwa kuwa ndivyo nilivyo, nilitafuta kilichofichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili. Kama angenisamehe ningeushuku msamaha wake, ningesema ni chambo, na kesho usingepanda meli. Kama angenilaani usingepanda vilevile. Hili la tatu sikuwa nimelifikiria. Mtu aliyenifanyia haki nikiwa namchimbia, amepata sababu mpya ya kunichukia, tena nimempa mimi kwa mkono wangu, na bado ameitenga mbali na wewe, kama anavyotenga dawa moja na nyingine. Wala hakujifanya kwamba haimuumi. Niliitafuta nia ya pili mpaka karani wa posta akaniambia wanafunga, sikuiona.

Usimwombee radhi kwa niaba yangu. Usimpelekee zawadi kutoka kwangu. Mama yako alitaka kufunga kitu, nimemkataza. Akinitaja kwa ubaya, msikilize, maana anao ushahidi. Asiponitaja, usimchokoze. Mengine juu yake utayaona kwa macho yako, na macho yako naomba yawe mapya, yasiwe haya niliyokuazima.

Maisha yangu yote, Idrisa, nimewakabidhi watu vyombo, fedha, hata siri, na kila mara jicho langu moja limebaki nyuma likichungulia. Kesho nakukabidhi wewe, kitu pekee nilichonacho, kwa mtu ambaye ameniandikia waziwazi kwamba amenikasirikia na hajanisamehe. Nami nimejipima tangu Jumatatu, asubuhi kwa asubuhi, na sina shuku naye hata punje.

Nenda kwake.

Baba yako,
Faraji